Malindi Ndani ya Mkebe wa Biskuti

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa Malindi. Sina neno jingine la kuuita. Wanaume wengine wa Garissa walikuwa na ugonjwa wa kutafuna mairungi, wengine wa siasa, na huu wa siasa ndio uliokuwa unaua miaka ile. Wangu alikusanya picha za zamani za mji wa pwani ambako hakuwa na shangazi, shamba wala kaburi.

Kabla ya vita alikuwa utingo wa lori la mbuzi. Walipakia Garissa, wakateremka na mto hadi Garsen, wakavuka, wakaingia Malindi kuziuzia hoteli za Wazungu nyama iliyo bado na miguu. Kisha vita vya shifta vikaanza. Vijana wetu wengine waliingia msituni kudai tuungane na Somalia, serikali mpya ikaleta askari, na barabara ikafungwa kwa kila asiye na pasi. Lori likawekwa juu ya mawe nyuma ya duka la mwenye lori mpaka kuku wakaanza kutaga ndani ya kebini. Mume wangu akaishia kuteka maji mtoni na kuyauza mtaani kwa punda wa kuazima. Hakulalamika. Alasiri akirudi alinawa, akaswali, akafungua mkebe wake wa biskuti.

Mimi nililetwa Garissa bibi harusi, kutoka Isiolo, mwaka wa uhuru. Kiswahili nilikuja nacho, maana Isiolo usipokijua hununui hata chumvi. Basi mtaa mzima ukanifanya mkalimani wake. Askari akibisha mlango wa mtu, utasikia, "Muiteni wa Isiolo!" Nilikuwa nimekaa barazani na cherehani yangu, naacha mshono, naenda kusema kwa niaba ya wanaume wenye ndevu nyeupe. Mwanzoni nilipenda sana kazi hiyo. Mwanamke kijana anayesikilizwa na wazee hunenepa.

Picha nyingi zilitoka kwa wapishi. Wazungu wa serikali walipokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao, walichagua cha kubeba na cha kuacha, na cha kuacha kilirithiwa na mpishi. Mzee mmoja aliachiwa kasha zito alilodhani lina sahani. Alilibeba kichwani mpaka kwake, akalifungua, akakuta albamu za picha, akatukana kwa lugha tatu. Mume wangu alipopata habari alimjazia mapipa yake yote maji, akarudi nyumbani na lile kasha mgongoni mwa punda, uso umemng'aa utadhani kapata mtoto wa kiume.

Zilikuwa picha za rangi ya chai, kona zimeliwa na mende. Malindi ya kabla sisi hatujazaliwa. Hoteli ya makuti. Wanawake wa Kizungu wenye kofia pana kama ungo. Gari lenye magurudumu membamba limekwama mchangani na watu weusi wanalisukuma, na mwenye gari kasimama pembeni na kiko chake, kama ilivyo desturi. Nyingine alizibandua kwenye kalenda za madukani. Nyingine zilikuwa postikadi zilizokwisha kuandikwa, zenye salamu za watu tusiowajua kwa watu tusiowajua.

Hakuzipanga kwa umri wa picha. Alizipanga kwa njia ya kutembea, kama anavyoingia mjini mtu aliyeshuka kwenye lori. Akitandika mkeka huanza na barabara ya Garsen, kisha kiwanja cha ndege, kisha msikiti, kisha geti la hoteli, uani kwa jikoni, gati, ufuo. Kidole chake kilitembea na sisi tulikifuata.

"Hapa tunashusha mbuzi," anasema. "Hapa, mlango wa nyuma, mpishi alinipa barafu ndani ya kikombe. Nikaitema. Nilidhani ni kaa la moto."

Majirani walikuja kuangalia, maana hakukuwa na kwingine kwa kwenda. Jua likianza kushuka kila mtu alitakiwa awe ndani, na mchana ukitoka nje ya mji ulikuwa shifta mpaka uthibitishe vingine. Basi tukaenda Malindi. Nilimuonea wivu mwanamke mmoja wa kofia pana. Nikamwambia mume wangu, "Huyu ndiye unayemfuata huko." Akacheka, akasema huyo sasa ni ajuza au marehemu, na yeye hana mbio za kumfuata akhera.

Lakini picha aliyoipenda kuliko zote haikuwa na mwanamke huyo. Ilikuwa na watu wamelala mchangani mchana, wanaume kwa wanawake, nusu uchi Mungu atuhifadhi, migongo juu, macho wameyafumba. Hakuna mlinzi. Hakuna ukuta. Alinionyesha tena na tena.

"Angalia," alisema. "Mtu analala wazi hivi, na hakuna anayemlinda. Wanamuogopa nani hawa? Hakuna."

Nikamwambia ni uvivu tu. Akasema uvivu wa namna hiyo ni neema, na kwamba siku barabara ikifunguliwa atanipeleka nikalale mchangani na buibui langu lote. Hapo ndipo nilipomuelewa. Sisi wakati ule tulilala tumevaa.

Tatizo lilikuwa mama yake. Tuliishi naye nyumba moja, vyumba viwili vya udongo na bati, na alikuwa mwanamke wa swala kweli, si wa kujionyesha. Siku aliyogundua kwamba mkebe ule una watu, alichukua mswala wake akaenda kuswali nje juani. Malaika wa rehema, alisema, hawaingii nyumba yenye sura za watu, na yeye umri wake hauwezi kukaa bila malaika. Mume wangu akamuomba, akambusu mkono, akaahidi kuhamishia mkebe kwenye zizi la punda. Mama akasema punda naye ana haki ya malaika.

Maalimu wa msikiti wetu ndiye aliyepata njia. Alisema picha iliyokatwa kichwa haina tena roho ya kudaiwa, hukumu yake ni kama picha ya mti au jiwe. Si lazima kukata kwa mkasi. Mstari shingoni unatosha.

Basi mama akachukua shazia, ile sindano kubwa anayoshonea mikeka, akakaa mlangoni penye mwanga na picha zote mapajani. Alipitisha ncha shingoni mwa kila mtu, mkubwa na mdogo, mstari mmoja mwembamba ulionyooka kama mshono. Alifanya kwa huruma, nasema kweli. Alikuwa akisema bismillahi. Bahari hakuigusa, wala meli, wala minazi. Mume wangu alikaa karibu naye akimpokea kila picha iliyokwisha, na alipopokea ile ya waliolala akasema, "Hooyo, umenyoosha vizuri." Hooyo ni mama. Jioni ile mama akaswali ndani, mwanawe akafungua mkebe, na nyumba ikatulia. Ukiziangalia picha hivi hivi hukuona kitu. Ilibidi uziinamishe kwenye mwanga.

Askari walikuja asubuhi moja, baada ya gari kushambuliwa nje ya mji. Walikusanya wanaume wote kwenye uwanja wa sokoni, wakaketishwa juani, mikono kichwani, na nyumba zikaanza kupekuliwa moja moja. Kwetu waliingia wanne. Walimwaga unga, wakapasua godoro, wakatoboa kiriba cha maziwa. Sikuwa na hofu kubwa. Bunduki hatukuwa nayo, na mume wangu hata kuchinja kuku aliomba msaada.

Mmoja akafungua mkebe, akapiga mluzi. "Njooni muone mzee wa hapa anavyojifurahisha!" Wakakusanyika. Wakacheka sana, wakapokezana wanawake wa Kizungu wa nguo za kuogelea, na mimi, Mungu anisamehe, nikapumua. Nilijisemea wanaume ni wale wale, hawa watacheka kisha watakwenda zao. Halafu mmoja akaisogeza picha mlangoni aione vizuri, akaiinamisha. Kicheko kikamkatika. Akachukua ya pili. Ya tatu. Akamwita mkubwa wao.

Mkubwa wao alikuwa kijana nadhifu, mtu wa bara, mwenye sauti ya mwalimu. Alikaa kwenye kigoda changu, akasukuma kitambaa nilichokuwa nashona, akazipanga picha juu ya meza ya cherehani kwa utaratibu ule ule aliozikuta nao. Barabara. Kiwanja cha ndege. Geti. Mlango wa nyuma. Gati. Na mwisho wa njia, Wazungu wamelala, kila mmoja na shingo imekatwa. Nilikuwa nimeziona picha zile mara zisizo na idadi. Asubuhi ile niliziona kwa macho yake.

Mume wangu akaletwa kutoka uwanjani, fulana imelowa jasho.

"Hizi ni nini?" mkubwa akamuuliza.

"Ni bicha tu, afande. Ya kuangalia."

"Unaangalia nini?"

"Bahari."

"Una ndugu Malindi?"

"Hapana."

"Kazi?"

"Samani sana. Nilikuwa nabeleka mbusi."

"Na sasa?"

"Sasa hapana. Barabara nafungwa."

"Huna ndugu, huna kazi, huna ruhusa ya kwenda. Na una picha ya kila mlango. Kwa nini?"

Mume wangu akanitazama. Kisomali chake kilikuwa kitamu, kingeweza kueleza, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia mbuzi. Ikawa zamu yangu. Mimi mwenye ulimi, mimi wa Isiolo, nikatafuta neno. Utasemaje kwa mtu mwenye bunduki kwamba mume wako anapenda kuona watu waliolala bila hofu?

"Anazipenda, afande," nikasema.

Hata masikioni mwangu lilikuwa jibu la mpumbavu.

"Na huu mstari? Nani amewachinja hawa?"

Mama alikuwa mlangoni. Hakujua Kiswahili, ila aliona kidole cha yule kijana kinapita shingoni mwa picha, akaelewa kinachoulizwa. Akafungua mdomo. Mwanawe akamuwahi.

"Ni mimi," akasema. "Mimi nakata. Mama hana habari."

Mama akaniuliza kwa Kisomali, "Anasema nini?" Nikamwambia. Akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, yeye asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi. Ni yeye! Shazia ni yake! Mkono ni wake! Na sababu ni hii na hii.

"Mama huyu anasema nini?" mkubwa akaniuliza.

Nimelala na swali hilo maisha yangu yote. Nimetafuta tafsiri nyingine, na haipo. Nilisema alichosema, "Anasema ni yeye aliyewakata shingo, ili malaika waingie nyumbani." Nikakimbilia kuongeza habari ya maalimu, hukumu ya sura, mti na jiwe. Lakini sentensi ya kwanza ilikwisha kuingia kwa yule kijana, na niliona usoni mwake kwamba hakuna nyingine itakayopata nafasi.

"Mwana anasema ni yeye, mama anasema ni yeye," akasema. "Kama ni dini, mbona mnagombania? Mmoja wenu ananidanganya."

Hakuwa mjinga. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Angekuwa mjinga au mlevi ningemlaani nikapumzika. Alikuwa mtu wa akili, aliuliza maswali mazuri, na kila jibu la kweli tulilompa lilimpeleka mbali zaidi na ukweli.

Wakamfunga mikono. Mama alimshika shati askari mmoja, akisema apelekwe yeye, na askari akamtoa mkono taratibu, kama unavyoondoa mwiba kwenye nguo. Mume wangu aligeuka. Hakuniambia mimi kitu, labda alijua nitaelewa, labda muda ulikuwa mfupi. Alimwambia mama yake, "Hooyo, ingia ndani, jua ni kali." Wakampandisha kwenye lori, na mkebe ukapanda naye.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kambini, mama na mimi. Maalimu tulimuomba atusindikize aseme hukumu mwenyewe kwa kinywa chake, akasema ana homa. Simlaumu. Mwaka ule homa iliwashika wanaume wengi.

Getini tulimkuta koplo, Mswahili wa Pwani, kijana mwenye alama ya sijda kwenye paji. Nikasema Alhamdulillahi, huyu wetu. Nikamsimulia yote bila kuvuta pumzi. Alinisikiliza akiangalia barabara.

"Naijua hukumu hiyo, dada," akasema. "Nyanya yangu alifanya vivyo hivyo kwenye kalenda."

"Basi mwambie mkubwa wako!"

"Nilimwambia jana."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza mimi niko upande gani."

Nikamtazama, na nikaona kwamba na yeye ni mfungwa, isipokuwa amepewa viatu. Alituletea maji ya kunywa ndani ya kofia yake ya chuma, akamsaidia mama kukaa kivulini. Mengine hakuwa nayo. Mama alimuombea dua ndefu, na koplo akaitikia amina kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie.

Tulikaa pale mpaka msafara wa magari ya jeshi ukatoka kuelekea bara. Malori yalikuwa yamefunikwa maturubai. Mama aliita jina la mwanawe kwa kila lori lililopita, na kila lori lilimjibu kwa vumbi. Hatukujua alikuwa katika lipi. Hatukujua hata kama alikuwemo.

Sitaki kueleza sana miaka iliyofuata. Tulihamishwa, tukazungushiwa seng'enge, tukapewa saa za kuchota maji na saa za kulala. Mifugo ya watu ilikufa kwa sababu haikuruhusiwa kufuata majani. Nilishona sanda nyingi kuliko nguo za harusi. Kila aliyeachiliwa kutoka kizuizini tulimuendea, mama mbele, mimi nyuma, tukauliza. Mmoja alisema alimuona mahali fulani, mgonjwa. Mwingine alisema alimuona mahali pengine, mzima. Tulichagua kumwamini yule wa pili, na usiku nilimwamini yule wa kwanza. Mama hakuniuliza kama nataka kuolewa tena na mimi sikumuuliza kama anadhani amekufa. Tuliishi hivyo, wanawake wawili wenye adabu.

Vita vilipokwisha, serikali yetu na ile ya Somalia zikapeana mikono, na ikatangazwa kwamba wenye watu waliopotea wafike ofisini. Tulikwenda. Mama alivaa guntiino yake mpya, ile shuka ya kufunga begani, akajifukiza ubani, utadhani tunakwenda kumpokea. Njiani alisema akirudi hatamkataza tena kitu.

Karani hakuwa na fujo. Alikuwa kijana mpole, alitukaribisha viti, akaniuliza jina la mume wangu, la baba yake na la babu yake. Nikamtajia. Akapitisha kidole kwenye makaratasi yake, akageuza ukurasa, akageuza tena, akakuna kichwa.

"Jina hili ninalo kwa watu wengi, mama," akaniambia. "Wengine wamefariki, wengine wako hai huko bara. Wako ni yupi sasa? Una picha yake?"

Nilidhani nimemsikia vibaya. Akarudia, kwa upole ule ule. Picha tu, yoyote, hata ndogo, wataipeleka wailinganishe.

Mume wangu hakuwahi kusimama mbele ya kamera hata mara moja. Mama yake alimkataza tangu mtoto, naye alitii, hata huko Malindi Wazungu walipomuomba.

"Anataka nini?" mama akaniuliza.

Nikamwambia. Akaweka mkono juu ya meza ya karani. Kisha akainuka, akajishika ukingo wa meza, akaanza kusema. Ana kovu hapa, juu ya nyusi, alianguka kisimani akiwa mdogo. Akicheka hufumba jicho moja. Sikio la kushoto limesimama kuliko la kulia. Ana kidevu cha marehemu baba yake. Alisema yote, na mimi nikatafsiri yote, neno kwa neno, na safari hii kila neno lilikuwa na tafsiri yake.

Karani alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, bila kuandika.

"Pole, mama," akasema. "Mimi sioni mtu hapo."